Kufikiri kwa kina ukiwa chuo: maswali yanayorudi kila muhula (toleo la Arusha na Moshi)

Haya ni maswali ambayo wanachuo wa huku kwetu wanayarudia kila mwaka, kuanzia wa Njiro na Makumira mpaka wa Moshi pale Ushirika, KCMC na Mwenge. Nimeyapa namba makusudi, kwa hiyo ukiona nimesema rudi swali fulani basi rudi kweli, sitaandika kitu kimoja mara mbili. Ya mwanzo ni ya msingi, ya mwisho ndiyo yenye utata.

## Mambo ya msingi

1. Kufikiri kwa kina ni nini hasa? Si ni kuwa na akili tu?

Hapana aisee. Kuna watu wana GPA kali na bado wanafowadi kwenye grupu kila walichotumiwa bila hata kukisoma mpaka mwisho. Hii ni tabia tu, ya kusimama kidogo kabla hujakubali au hujakataa kitu, ukajiuliza: huyu anasema nini hasa, amejuaje, na ni kitu gani kingeonyesha kwamba si kweli. Hilo la tatu ndilo karibu kila mtu analiruka na kwangu mimi ndilo lenye kazi yote.

Jaribu hii. Daftari na peni jumla yake shilingi 1,100, daftari limezidi peni kwa shilingi 1,000, peni ni bei gani? Kama jibu la kwanza lililokujia ni 100, uko na wengi. Shane Frederick alichapisha swali la namna hii mwaka 2005 baada ya kuwapa wanafunzi wa vyuo mbalimbali Marekani, vikiwemo vile vyenye majina makubwa kabisa, na wengi walikosa. Peni ni 50, maana ingekuwa 100 daftari lingekuwa 1,000 na tofauti ingekuwa 900. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, kilichokosekana ni zile sekunde chache za kurudi kuangalia.

2. Nilifaulu vizuri sana fomu siksi, mbona chuo naambiwa "huna hoja"?

Kwa sababu ulifundishwa kukumbuka na ulikuwa fundi wa kukumbuka, sasa hivi unaulizwa kitu kingine. Kusolvu pasti pepa kumekufikisha hapa, sikatai, lakini ukikutana na neno "jadili" halafu ukamwaga pointi kumi ulizokariri umejibu "taja".

Chukua Azimio la Arusha, la Februari 1967, ambalo ukisoma somo la maendeleo hulikwepi. Unakuta mtu anaandika "Azimio lilifeli" kisha anashusha orodha, mwingine anaandika "Azimio lilifanikiwa" na yeye anashusha orodha yake, na wote wamepigia mstari kwa rula. Swali la mtu anayefikiri ni, lilifeli kwa kipimo gani? Ukipima kwa bidhaa madukani mwanzoni mwa miaka ya 80, jibu ni baya. Ukipima kwa watoto kuingia shule ya msingi na watu wazima kujua kusoma, jibu linabadilika. Halafu ukishapata kipimo bado una kazi, maana katikati hapo bei ya mafuta ilipanda mara mbili, 1973 na 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na makao yake yalikuwa hapa hapa Arusha, vita ya Kagera ikaja 1978, sasa we utajuaje kipi kimefanywa na sera na kipi kimeletwa na hayo mengine? Ukiandika hivyo, hata usipofika mwisho wa jibu, msahihishaji anaona kuna mtu ndani ya ile karatasi.

3. Hivi haya si mambo ya Wazungu? Sisi tumelelewa kusikiliza wakubwa.

Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea na humo alitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kuhojihoji, anayeweza kujifunza kwa wengine lakini akakataa au akabadilisha kisichomfaa, na anayejiamini. Hiyo ilikuwa sera ya nchi, haikuletwa na mafunzo ya wafadhili.

Na kabla ya hapo, kakae kwenye kikao cha ukoo uchagani siku kuna ugomvi wa mpaka wa kihamba (shamba la ukoo). Wazee hawaangalii nani ana sauti kubwa. Wanauliza hili sale (mmea unaopandwa mpakani) lilipandwa na nani, nani alikuwepo, huyo shahidi ana undugu na nani, mbona mwaka ule ulinyamaza? Huko ni kupima ushahidi kabisa, na wazee hao hao ndio unaosema walikulea usihoji.

## Mifano ya huku kwetu

4. Vitu viwili vikienda pamoja, nitajuaje kama kimoja ndicho kilichosababisha kingine?

Twende na meno, maana ukitoka Arusha ukafika Dar kuna mtu atakutania tu. Watu wameona kwamba wengi waliokulia pembeni ya Mlima Meru wana meno ya kahawia, wakamaliza: hawapigi mswaki. Wengine wanasema ni magadi. Wengine ni chai nyingi.

Sasa liulize lile la tatu la kwenye swali la 1, kitu gani kingeonyesha kwamba si kweli. Kama ni mswaki, ungetegemea nini? Ungetegemea mtu akianza kusugua kwa bidii meno yarudi meupe, na hayarudi. Ungetegemea pia aliyehamia akiwa mtu mzima, akawa mvivu wa mswaki, meno yake yawe hivyo hivyo, na hayawi. Kinachoelezea yote mawili ni floraidi kwenye maji. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, maji yanapita humo, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yanatoka tayari yana madoa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vya huku, kama vya upande wa Maji ya Chai, vinavyopita hapo mbali sana.

Ila usikimbilie kumcheka wa magadi, kwa sababu magadi nayo yana floraidi, kwa hiyo yanaongezea. Chanzo kinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Na faida ya kupata chanzo chenyewe si kushinda ubishi tu: pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanyia kazi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Aliyebaki na nadharia ya mswaki angeishia kugawa dawa za meno.

5. Watu maelfu wameshuhudia kwa macho yao, sasa wote hao ni waongo?

Hili linakuja kila mara na kila mara kuna mtu anataja Loliondo, basi tuongee Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa anatoa kikombe cha dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanatoka mpaka nje ya nchi.

Hapana, sidhani walikuwa waongo. Mtu anaweza kusema kweli tupu juu ya alichohisi na bado tusiwe na ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi. Aliyejisikia nafuu anarudi mtaani anasimulia, aliyezidiwa yuko kitandani na aliyefariki hasimulii, kwa hiyo masikioni kwako zinafika habari za upande mmoja. Halafu magonjwa mengi yanapanda na kushuka yenyewe, na mtu huwa anafunga safari siku amezidiwa, yaani siku ambayo hata asingefanya chochote kuna nafasi kubwa kesho iwe afadhali. Na wapo waliokunywa kikombe huku wanaendelea na dawa za hospitali, sasa nafuu unampa nani?

Swali la kuuliza kwa adabu kabisa bila kumtukana mtu imani yake: kati ya waliokunywa, ni wangapi walipimwa kabla, wakapimwa baada, na wakalinganishwa na wenzao wa ugonjwa ule ule ambao hawakunywa? Wingi wa watu hautibu hilo pengo. Ile foleni yenyewe ilishageuka sababu ya kwenda, watu wanaenda kwa kuwa watu wanaenda.

6. Kuna watu hawana digrii na wametoboa, Laizer je? Kwa nini nikae darasani?

Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo, Juni 2020 alipata mawe mawili ya tanzanaiti kutoka Mirerani, moja la zaidi ya kilo tisa na lingine la zaidi ya tano, serikali ikanunua kwa shilingi bilioni 7.7. Kweli kabisa. Sasa pita kwenye vijiwe vya madini hapa mjini uulize wanaapolo (wachimbaji wa tanzanaiti) wangapi wameshuka chini miaka na miaka na hujawahi kusikia majina yao. Ni tundu lile lile la swali la 5, unasikia waliopata tu. Na Laizer mwenyewe alipopata hela, moja ya mambo aliyosema anataka kufanya ni kujenga shule.

Sisemi digrii inalipa kila mtu, hilo ni swali la kweli na lina majibu tofauti kwa kozi tofauti. Nasema jina moja halijibu swali hilo.

7. Wanasayansi walisema theluji ya Kilimanjaro itaisha 2020, mbona bado ipo? Si walitudanganya?

Naipenda hii kwa sababu wanaosoma utalii wakienda fildi (mafunzo kwa vitendo) wanaulizwa na wageni na wengi wanajibu ovyo. Kweli, mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba kwa mwendo ule barafu ingeweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Tarehe imepita, barafu ipo.

Ila hapo kuna madai matatu yamefungwa pamoja na we unatakiwa kuyafungua. Dai la kwanza, barafu inapungua: mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 12, mwaka 2000 ilikuwa imebaki chini ya 3, hilo halina ubishi na picha zipo. Dai la pili, itaisha lini: hilo ndilo lililokosewa. Dai la tatu, kwa nini inapungua: hapa wanasayansi wenyewe wamebishana kweli, wapo waliosema joto la dunia, wapo walioonyesha kwamba hewa ya huko juu ilikauka tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ikapungua na barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuyeyuka. Mtu anayesema "walitudanganya" anachukua kosa la dai la pili anaangusha nalo la kwanza. Anayesema "ni joto tu, basi" naye karuka la tatu. Ukikaa na mgeni kempu ukamfungulia hayo matatu, atakuheshimu kuliko ukimpa jibu la mdomoni.

## Darasani na geto

8. Nasomaje desa (noti za kozi) kwa kina wakati nina kozi sita?

Si zote. Chagua moja kwa wiki. Soma kurasa chache, funga, andika kwa sentensi moja mwandishi anadai nini, chini yake ushahidi aliotoa, chini yake swali ambalo ungemuuliza mkikutana. Ukishindwa kuandika ile sentensi ya kwanza, hujaelewa, hata kama umepaka haileta ukurasa mzima njano. Desa zingine pitia kawaida tu, upige msuli wa mtihani kama wenzako.

9. Kiingereza changu cha kuungaunga, nitahoji vipi?

Hoji kwa Kiswahili. Seriazi. Nimeona watu wenye hoja nzito kabisa kwenye diskashen pale chini ya mti, wakipanda mbele ya prezentesheni wanabaki kusoma slaidi. Jenga hoja kwa lugha unayoweza kugombana nayo, ikishasimama ndiyo uihamishe, utagundua Kiingereza chake ni kifupi kuliko ulivyodhani. Leksha akikupa nafasi ya kuchanganya lugha itumie bila aibu.

10. Kwenye kikundi chetu tunakubaliana haraka sana, hiyo ni nzuri si ndiyo?

Inategemea. Kama asaimenti ni ya kesho na wanaofanya ni wawili kati ya kumi (kama kawaida), kukubaliana kwenu ni uchovu tu.

Fanyeni mchezo huu. Mmoja afikirie kanuni, awape namba 2, 4, 6 awaambie zinafuata kanuni yake. Wengine wanataja namba tatu tatu, yeye anajibu ndiyo au hapana, mpaka mtu ajiamini kutaja kanuni. Watu watasema 8, 10, 12, ndiyo, 20, 22, 24, ndiyo, kisha kwa kujiamini: "zinaongezeka mbili mbili!" Hapana. Kanuni ni namba yoyote inayopanda, hata 1, 7, 500. Peter Wason alifanya jaribio hili London na kulichapisha mwaka 1960, na wengi kwenye tangazo lao la kwanza walikosa, kwa sababu walikuwa wanapima mifano inayokubaliana na wazo lao tu. Angejaribu mtu kusema 6, 4, 2 au 1, 2, 3 akitegemea kusikia hapana, angejifunza zaidi kwa mara moja.

Kwenye kikundi weka mtu mmoja kila kikao kazi yake iwe kupinga. Mzunguke, asiwe yule yule, la sivyo mtamchukia.

11. Nikiona leksha kakosea nifanyeje? Naogopa sapu (kurudia mtihani).

Kwanza hakikisha, inawezekana we ndiye umesoma nusu. Ukishahakikisha, usianze na "umekosea" mbele ya darasa zima. Anza na "Samahani Dokta, naomba kuelewa hapa, nimesoma sehemu nyingine inasema hivi, hizi mbili zinakaaje pamoja?" Ni swali la kweli na linampa njia ya kutokea. Kama ni mkali, mfuate ofisini na kitabu mkononi, au mpitishie CR (kiongozi wa darasa).

Wapo wanaosahihisha kwa kufuata noti zao neno kwa neno, hao nisikudanganye, sina dawa nzuri. Kwenye mtihani mpe kilichoko kwenye noti, ukipata nafasi ongeza sentensi moja ya "hata hivyo". Kukeri somo (kulibeba ukalirudie mwaka unaofuata) kwa ajili ya ushujaa sioni faida yake. Lakini hakikisha kichwani mwako unajua tofauti ya ulichoandika na unachokiamini.

12. ChatGPT inafikiri kunishinda, si niiachie tu?

Tangu itoke Novemba 2022 asaimenti zimekuwa na Kiingereza kizuri ajabu na marejeo ya vitabu ambavyo havipo duniani. Inatunga jina la mwandishi, mwaka, hadi kurasa, kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo kila rejeo itakayokupa litafute mwenyewe, usipolipata lifute.

Ninavyoona mimi, kosa ni kuanza nayo. Andika hoja yako hata kama ni mbovu, kisha iambie ikupinge kwa nguvu zote, halafu amua kipi unakikubali na kipi hapana na kwa nini. Ukianza nayo utabaki unahariri mawazo ya kitu kisichojali kama ni kweli, na siku ya kutetea risechi mbele ya jopo hutakuwa nayo.

## Penye utata

13. Nyumbani je? Nikihoji naambiwa "chuo kimekuharibu".

Mara nyingi shida ni namna. Ukifika likizo ukaanza kumsahihisha baba mezani mbele ya wadogo zako, hapo unajionyesha, usiite kufikiri. Msalimie, msaidie kazi, mkikaa wawili uliza: "Baba, kwani ukiniona kwenye hiyo kozi nyingine unaogopa nini?" Huwa kuna jambo nyuma yake, ada, au mtoto wa jirani aliyemaliza akakaa nyumbani. Huo ni ushahidi pia, mdogo lakini wa kweli, uupime kama ungepima wa leksha. Unaweza ukakuta mzee ana hoja.

14. Na dini?

Kuna mambo ya imani ambayo hayapimwi kwa namba na sioni sababu ya kugombana na mtu juu yake. Lakini mtu yeyote akitumia dini kudai kitu kinachopimika, kwamba toa laki utapata milioni, acha dawa utapona, hapo maswali ya swali la 5 yanafanya kazi kama kawaida.

15. Kuna wakati sitakiwi kuhoji kabisa?

Kuna wakati wa kutii kwanza ukauliza baadaye. Uko fildi wodini na msimamizi anasema simamisha hiyo dripu, simamisha. Fundi anasema usiguse, umeme haujazimwa, usiguse. Uko juu mlimani kichwa kinagonga, unatapika, unayumba, mwongoza watalii wako anasema shuka, unashuka, huo si muda wa kumuuliza amejuaje, maana kwenye kimo kile ukikosea hakuna kurudia. Ukishafika chini salama muulize yote, dalili gani aliziona, kwa nini hakusubiri.

Kumwamini mtaalamu nako kuna vigezo: amefanya hii kazi kwa muda, akikosea kuna mtu anayemwona, na wataalamu wenzake wengi wanasema hivyo hivyo. Daktari anayeongea nje ya fani yake kwenye klipu ya TikTok hana hata kimoja.

16. Nimezidisha, nahoji kila kitu, marafiki wamenichoka na mimi mwenyewe siwezi kuamua.

Hii ipo sana kwa mwaka wa pili, sijui kwa nini mwaka wa pili. Angalia gharama ya kukosea, kisha amua utahoji kiasi gani. Shati la mtumba Kiboriloni ukikosea umepoteza elfu chache, chagua twende. Chumba unachotaka kulipia miezi sita kwa hela ya bumu (mkopo wa chuo), hapo hoji mpaka dalali achoke: nenda usiku uone usalama, fungua bomba, uliza anayehama anahama kwa nini. Mwenza wako akikuambia amechelewa kwa sababu ya daladala, aisee, mwamini tu, mle chakula.